Moshi wa Mchana Nyumbani kwa Maulidi

Paukwa!

Pakawa!

Nina kisa.

Kitoe.

Ndani yake mna mtoto, na mtoto haongezeki.

Basi kitoe upesi!

Mwaka ule mfungo wa Kwaresima na mfungo wa Ramadhani iliingia juma moja. Kwaresima iliingia Jumatano. Ramadhani iliingia Ijumaa. Ni zamani, wakati barabara ilikuwa bado njia ya miguu. Kijiji kilikuwa na msikiti wa udongo upande wa mawio na kanisa la udongo upande wa machweo. Kati yake palikuwa na nyumba, na nyumba iliyokuwa karibu kabisa na msikiti ilikuwa ya Maulidi, mrina asali.

Mke wa Maulidi aliitwa Domitila. Maulidi aliswali msikitini. Domitila alisali kanisani. Kabla ya kuoana walikubaliana kwa maneno machache.

Maulidi alisema, "Chungu kimoja."

Domitila akasema, "Sala mbili."

"Nguruwe haingii."

"Haingii. Na Jumapili yangu haiguswi."

"Haiguswi."

Wakaoana. Wakaishi miaka miwili. Kisha wakapata mtoto wa kike, na hapo wakagundua kwamba juu ya mtoto hawakuwa wamekubaliana neno lolote. Siku ya saba ikapita, mtoto hakunyolewa. Mwezi ukapita, mtoto hakubatizwa. Wakamwita Mtoto. Walingoja. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayeanza kusema.

Maulidi aliondoka alfajiri kwenda porini kwenye mizinga yake na kurudi jua linapozama. Mchana nyumbani walibaki watatu: Domitila, Mtoto, na Bi Sikudhani, mama yake Maulidi.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, Domitila alipika uji adhuhuri. Anayenyonyesha lazima ale. Siku ya pili akapika tena. Moshi ukapanda, fuuu, ukapita juu ya paa, ukaelekea msikitini.

Jioni Bi Sikudhani akamwita.

"Mkwe."

"Abee, mama."

"Sikukatazi kula. Funga si yako, ni yetu."

"Ndiyo, mama."

"Ila moshi. Leo wanaume wametoka kuswali, mmoja akaniuliza, 'Nyumba ya Maulidi mwezi haujaandama?' Nimeona haya mpaka nimetazama chini."

"Nimesikia, mama."

"Si chakula. Ni moshi tu."

Domitila akaingia ndani kumnyonyesha Mtoto.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Arobaini yake ilikuwa imekwisha, akaenda kanisani kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Ibada ilipomalizika baba yake, Mzee Kletus, akamsimamisha mlangoni. Mzee Kletus alikuwa mtu wa kuuliza mbele za watu.

"Domitila, huko kwa watu, Kwaresima unaishika?"

Watu wakageuka.

"Naishika, baba."

"Nyama?"

"Siigusi."

"Samaki?"

Hakuwa amepanga kuacha samaki. Akaona macho ya watu. Akasema, "Na samaki, baba."

"Huyo ndiye binti yangu," Mzee Kletus akawaambia waliokuwa karibu. Domitila akarudi nyumbani akiwa na ahadi ambayo asubuhi hakuwa nayo.

Siku ya nne hakuwasha moto mchana. Alichukua kiporo cha ugali akaenda kukila nyuma ya ghala, mahali ambapo hakuna aonaye. Kuku wakamwona. Kwi, kwi, kwi, wakamzunguka. Jirani akasikia kuku, akachungulia juu ya ua.

"Loo! Jamani njooni! Mke wa Maulidi amealikwa karamu na kuku!"

Wanawake wakacheka. Mmoja akaongeza, "Mwachieni, huenda jogoo ndiye katekista!" Wakacheka zaidi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Domitila akawatupia kuku ugali wote, akaingia ndani.

Tangu siku ile Domitila hakula kitu asubuhi wala mchana.

Jioni jua lilipozama aliandaa futari, akakaa na mumewe na mama mkwe wake. Palikuwa na nyama, aliiacha. Palikuwa na samaki, aliwaacha. Alichukua tonge la ugali, akachovya mlenda. Tonge la pili. Tonge la tatu. Kisha akanawa.

"Mbona umeacha?" Maulidi aliuliza.

"Nimekula mchana. Nimeshiba."

Maulidi aliamini. Mtu aliyeshinda na njaa porini akiambiwa mwenzake alikula mchana, huona ni jambo la kawaida.

Siku ya tano ikapita. Ya sita ikapita. Ya saba, Domitila akasikia matiti yake mepesi. Ya nane, Mtoto akanyonya, akaachia, akalia. Akanyonya, akaachia, akalia. Domitila akamtia mgongoni, akatembea naye uani, akamwimbia. Nanyi mtaniitikia, "Yanakuja!"

*Nyonya, mama, nyonya, maziwa yatoka mbali.*
Yanakuja!
*Yamevuka mto, yamepanda kilima.*
Yanakuja!
*Yamefika kwa jirani, yanauliza njia.*
Yanakuja!

Hayakuja.

Siku ya kumi kilio kikabadilika. Zamani Mtoto alilia ng'aa, ng'aa, mpaka kuku wanakimbia. Sasa alilia nyii. Nyii. Kama mlango mdogo. Siku ya kumi na moja Domitila akamshika mguu, ngozi ikabaki na alama ya kidole.

Akajua sababu. Hakuna aliyejua ila yeye.

Alitaka kusema. Akawaza atakavyosema na nani atasikia. Akisema, "Nimeacha kula mchana," ndugu zake watasema Waislamu wamemtia njaa binti yao, watakuja kumchukua. Akisema, "Nimeacha nyama na samaki," ndugu za mume watasema dini ya mama inamuua mtoto, watamchukua mtoto. Akaona kila mlango wa kutokea una mtu amesimama nje. Basi akanyamaza, akanywa maji mengi jioni, akaomba kwa Mungu maziwa yarudi bila mtu kuulizwa.

Siku ya kumi na mbili Bi Sikudhani akamvua Mtoto nguo, akamtazama, akatoka nje kumtafuta Maulidi.

"Mtoto hajanyolewa. Hajachinjiwa. Hana hata jina la kuombewa. Mlitegemea nini?" akamwambia Maulidi. "Ijumaa anakuja mwalimu wa chuo cha Kurani na wembe. Mkeo akikataa, achague, nyumba hii au kwao."

Habari haikai. Siku ya kumi na tatu ikamfikia Mzee Kletus. Akaja, hakuketi.

"Mtoto anakufa bila maji ya ubatizo! Ijumaa nakuja na katekista. Mumeo akikataa, achague, maji au mke. Nawe uchague. Nguo zako ziwe zimefungwa."

Alipoondoka, Maulidi na Domitila walikaa ndani, mlango wazi, jua la saa tisa likiwa sakafuni. Maulidi siku ile hakwenda porini.

"Mimi niseme nini?" aliuliza. "Nikimkatalia mama, nimemkosea mama. Nikimkatalia baba yako, unaondoka. Wewe unataka nini? Wembe au maji?"

"Nataka anyonye."

"Sikuulizi hilo."

"Mimi sina jibu lingine, Maulidi."

Maulidi akamtazama mkewe. Akaona shingo yake imekuwa nyembamba. Akaona, lakini alidhani ni wasiwasi. Yeye pia alikuwa amepungua.

Basi, katika kijiji kile alikuwapo Bibi Nyamizi, mkunga. Wengi wa waliotajwa humu yeye ndiye aliyewapokea: Maulidi alimpokea, Domitila alimpokea, Mtoto alimpokea. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamezikwa wengine kwa sanda, wengine kwa jeneza. Watu walipomuuliza yeye ni wa wapi, alijibu, "Nilipozaliwa hapakuwa na adhana wala kengele. Walionipokea walisema tu, ni msichana."

Siku ya kumi na nne alikuja. Hakuitwa. Alimchukua Mtoto, akamtia kidole kinywani. Mtoto akanyonya kidole kwa nguvu zake zote, kisha akachoka. Bibi Nyamizi akashika matiti ya Domitila, akayaachia.

"Unakula?"

"Nakula, bibi."

"Mchana?"

"Nakula."

Bi Sikudhani alikuwa mlangoni. Bibi Nyamizi akamtazama Bi Sikudhani, akaenda jikoni. Mafiga yalikuwa baridi. Akachota majivu, akayapepeta kwa vidole. Akanawa mikono, akaaga. Domitila alimtazama akienda, akatamani kumkimbilia. Hakukimbia.

Siku ya kumi na tano ilikuwa Ijumaa.

Kabla ya adhuhuri ua ulikuwa umejaa. Upande mmoja walisimama Bi Sikudhani, jamaa za mume, na mwalimu wa chuo, jina lake Hemedi. Alikuwa na wembe uliofungwa kwa kitambaa. Upande wa pili alisimama Mzee Kletus, ndugu zake, na katekista aliyeshika chupa ya maji. Katikati Domitila alikuwa kwenye mkeka, Mtoto mapajani. Mtoto hakulia tena. Alikuwa anatazama. Mtoto wa siku hamsini akiacha kulia, walio wazoefu hawapendi.

"Aanze nani?" Mzee Kletus alisema. "Mtoto ni wa damu yangu."

"Mtoto ni wa baba yake," alijibu Bi Sikudhani.

"Baba yake mwenyewe yuko wapi? Mbona hasemi?"

"Atasema!"

Maulidi alikuwa ameegemea ukuta.

"Domitila, simama twende," Mzee Kletus alisema.

"Akisimama, mtoto anabaki," Bi Sikudhani akasema.

Domitila akamshika Mtoto kwa mikono miwili. Hakusimama.

Hapo ndipo sauti ikatoka langoni.

"Hodi hapa!"

Bibi Nyamizi akaingia, amebeba kikapu. Akapita katikati ya watu, akafudikiza kinu, akakikalia.

"Nina njaa," alisema. "Nipikieni uji."



"Bibi," alisema Bi Sikudhani, "ni Ramadhani. Ni mchana."

"Najua mwezi, mwanangu. Nimeona majivu ya jikoni kwako. Jana mchana yalikuwa baridi, hapakupikwa kitu. Uji ndio nilioutaka, lakini nitangoja. Kwanza nina swali. Mwalimu Hemedi."

"Naam, bibi."

"Mwanamke ananyonyesha, maziwa yanapungua, mtoto anadhoofu. Kwenu anafunga?"

Mwalimu Hemedi hakufikiri sana. "Hafungi. Anakula, siku zake atazilipa baadaye. Na huyu, bibi, hata si katika sisi. Funga hii haimhusu."

"Katekista."

"Bibi."

"Swali lile lile."

"Anayenyonyesha hafungi. Nyama ale. Padri alilisema Jumatano ya Majivu, wote tukasikia."

"Domitila alikuwapo?"

Katekista akakumbuka. "Hakuwapo. Alikuwa ndani, arobaini haijaisha."

"Hakuwapo," Bibi Nyamizi alirudia. Akageuka mkekani. "Domitila."

"Abee, bibi."

"Jana asubuhi ulikula nini?"

Domitila akatazama upande wa mama mkwe. Akatazama upande wa baba. Mtoto alikuwa mapajani, mwepesi. Akaona kwamba mahali pa kunyamazia pamekwisha.

"Sikula."

"Jana mchana?"

"Sikula."

"Jana jioni?"

"Ugali. Tonge tatu, na mlenda."

"Juzi asubuhi?"

"Sikula."

"Juzi mchana?"

"Sikula."

"Juzi jioni?"

"Ugali. Tonge tatu, na mlenda."

"Tangu lini?"

"Siku kumi na moja, bibi."

Mzee Kletus alikuwa wa kwanza kupaza sauti. "Mnasikia? Wamemnyima chakula!"

"Nani amemnyima?" Bi Sikudhani alijibu. "Nyama ilikuwa mbele yake kila jioni. Aliiacha! Ni nani aliyemwambia aache nyama?"

"Nilimuuliza tu! Sikumlazimisha."

"Nami nilisema moshi! Sikusema chakula."

"Ni kweli," alisema Bibi Nyamizi. "Wewe uliuliza tu. Wewe ulisema moshi tu. Wale majirani walicheka tu. Hakuna aliyemlazimisha. Na maziwa yamekauka."

Akanyoosha kidole kwenye wembe, kisha kwenye chupa.

"Mmekuja na wembe na maji. Mtoto akifa leo, jamaa, mtagombania nini? Kaburi?"

Bi Sikudhani akafunika uso kwa kanga. Mzee Kletus akakaa chini palepale vumbini, mtu mzima na kanzu yake ya Jumapili. Maulidi akatoka ukutani, akapiga magoti mbele ya mkewe.

"Uliniambia umekula."

"Nilikuambia."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umeshinda na njaa. Sikutaka urudi ukute vita."

Maulidi akainuka, akaenda jikoni. Alikuwa amefunga siku kumi na tano na hakuwahi kupika uji maishani mwake. Watu wakasikia kuni zikivunjwa, kacha, kacha. Wakasikia akipuliza. Moshi ukapanda, fuuu, mzito, kwa sababu kuni alizochukua zilikuwa mbichi. Saa ileile wanaume walikuwa wakipita kwenda kuswali Ijumaa. Wakasimama, wakaangalia.

Bi Sikudhani akaondoa kanga usoni. Akaingia jikoni, akamsukuma mwanawe pembeni.

"Toka, unaunguza macho ya watu." Akatoa kuni mbichi, akatia kavu. "Bibi, huo uji niutie nini?"

"Ulezi, na karanga zilizotwangwa. Usiufanye mwepesi."

Kutoka langoni mmoja wa wanaume akaita, "Bi Sikudhani! Moshi huo wa nani?"

"Wangu!" alijibu kutoka ndani. "Nenda ukaswali."

Bibi Nyamizi akainuka kukipisha kinu. Du, du, du, karanga zikatwangwa. Uji ukaiva. Bibi Nyamizi akaletewa kata ya kwanza, akaipeleka kwa Domitila.

"Wewe ndiye mwenye njaa niliyoisema. Kunywa."

Domitila alinywa mbele ya mwalimu na mbele ya katekista, mbele ya baba yake na mbele ya mama mkwe wake, mchana wa Ijumaa ya Ramadhani na ya Kwaresima. Uji ukamwagika kidogo kwenye nguo. Akaletewa kata ya pili. Akainywa pia. Bibi Nyamizi akatoa kikapuni maziwa ya mbuzi, akayachemsha na kuyapoza, akachovya kidole, akamtia Mtoto kinywani. Tone. Akangoja. Tone lingine. Akangoja.

Katekista aliuliza kwa sauti ndogo, "Na jina, bibi?"

"Jina litamngoja. Yeye hawezi kulingoja."

Mwalimu Hemedi akaurudisha wembe katika kitambaa, akawahi msikitini.

Jioni kabla ya futari, Bibi Nyamizi aliwakalisha Maulidi na Domitila.

"Mlisema chungu kimoja, sala mbili. Hilo ni neno la siku ya kuoana. Je, la leo? Kila mfungo unapokuja, kila mmoja amwambie mwenzake: hiki nakishika, hiki nakiacha, hiki kinanishinda. Kwa sauti. Mama akiwapo, asikie. Baba akija, asikie. Na mtoto akipona, kaeni nyinyi wawili kwanza kabla ya kumwita mtu yeyote."

"Na asipopona?" Domitila aliuliza.

Bibi Nyamizi hakumdanganya. "Sijui," alisema.

Siku ya kumi na sita Mtoto hakulia. Bi Sikudhani alipika mchana. Siku ya kumi na saba Mtoto hakulia. Bi Sikudhani alipika mchana, Mzee Kletus akaleta samaki wawili wakavu, akasimama uani mpaka akamwona binti yake amewala. Domitila alimweka Mtoto kifuani kila alipoamka, akaimba. Niitikieni, lakini polepole.

*Nyonya, mama, nyonya, maziwa yatoka mbali.*
Yanakuja.
*Yamefika kwa jirani, yanauliza njia.*
Yanakuja.

Siku ya kumi na nane, jua likiwa utosini, jirani aliyecheka juu ya ua alisikia kilio. Akaacha kupepeta. Ng'aa! Ng'aa! Kuku wakatawanyika. Alichungulia, akamwona Domitila amekaa mlangoni, nguo yake imelowa maziwa pande zote mbili.

Sasa mtauliza, mtoto alipewa dini gani? Juu ya hilo wasimulizi hawakubaliani. Wako wanaosema alibatizwa, wako wanaosema alichinjiwa mbuzi. Wanachokubaliana ni kwamba baba na mama walikaa wawili kwanza, mlango umefungwa, na walipotoka walikuwa na neno moja.

Funzo lake ni hili. Mke na mume wenye dini mbili wasifichane wanachokishika wala kinachowashinda. Na anayemuuliza mwana au mkwe jambo la dini mbele za watu, ajue kwamba jibu atakalopata huenda likalipwa na mtu mwingine.

Bibi Nyamizi alifariki mwaka uleule, juma mvua za kwanza ziliponyesha. Mwalimu Hemedi na katekista walifika mazikoni. Domitila alikwenda na binti yake mgongoni. Binti alikuwa na meno manne.

Hapo ndipo kisa kiliponifikia, na hapo ndipo ninapokiacha.